Ikikataa Tarehe, Ishukuru

Mdogo wangu wa Mombasa, barua yako nimeisoma hadi mwisho. Kwa kuwa umesema bosi anataka mambo yakae sawa kufikia Ijumaa, nakupa jibu kwanza, maelezo baadaye: usifanye hicho ulichopanga. Usiiamuru programu iweke tarehe ya leo kila inaposhindwa kuisoma tarehe iliyo kwenye faili. Najua ule ujumbe mwekundu wa kosa utatoweka na kazi itaendelea. Lakini hasara itabaki palepale, na safari hii hutakuwa na chochote cha kukuonyesha ilipo.

Wasomaji wengine, nawaeleza kisa kwa ufupi. Mdogo wetu huyu anafanya kazi kwenye kampuni inayosambaza bidhaa kwa maduka ya rejareja. Ameandika programu inayopokea mafaili mawili kila siku, la ankara kutoka mfumo wa mauzo na la malipo kutoka benki, na kuyaoanisha ili kampuni ijue nani amelipa na nani bado. Programu ilianza kazi tarehe mosi Machi bila shida yoyote. Tarehe 13 ikagoma, na tangu siku hiyo haijapokea faili hata moja. Yeye anaamini kuna kitu kiliharibika tarehe 13.

Hakuna kilichoharibika siku hiyo, mdogo wangu. Mafaili yako yanaandika siku kwanza, kama tunavyoandika sote huku kwetu. Programu yako inasoma kwa mtindo wa Marekani, mwezi kwanza. Ilipokutana na 13/03/2025 ikatafuta mwezi wa kumi na tatu, haikuupata, ikasimama. Ilifanya vema kabisa. Sasa jiulize jana yake ilisoma nini. Ilikuta 12/03/2025, ikaelewa tarehe 3 Desemba, ikaridhika, ikaendelea. Tarehe 5 Machi imo kwenye hifadhidata yako kama tarehe 3 Mei. Tarehe mosi Machi imo kama tarehe 3 Januari. Katika siku zote kumi na mbili za mwanzo, ni tarehe 3 Machi peke yake iliyoingia salama, kwa sababu hata ukiigeuza inabaki ileile.

Piga hesabu ya mwaka mzima uone ukubwa wa jambo. Kila mwezi una siku 12 ambazo namba yake inaweza kupita kama mwezi. Mara miezi 12, ni siku 144. Ondoa zile 12 ambazo siku na mwezi vinafanana, kama 3/3 na 7/7, zinabaki siku 132. Zaidi ya theluthi ya mwaka inaweza kugeuzwa na mashine isiseme neno. Siku za kuanzia tarehe 13 ndizo zinazopiga kelele, na hizo ndizo watu wanazozilaumu.

Tazama pesa zinavyokwenda. Ankara ya tarehe 5 Machi yenye siku 30 za kulipa inatakiwa ilipwe kufikia tarehe 4 Aprili. Ikisomwa kuwa ya tarehe 3 Mei, mteja anapewa hadi tarehe 2 Juni, na hakuna atakayempigia simu Aprili yote. Ile ya tarehe mosi Machi inageuka kuwa ya tarehe 3 Januari, kwa hiyo kwenye ripoti muda wake ulishapita tangu tarehe 2 Februari, karibu mwezi mzima kabla mwenye duka hajachukua hata katoni moja. Halafu kuna aliyelipa tarehe 5 Machi: malipo yake yamejificha kwenye mwezi wa Mei, na taarifa yake ya mwisho wa Machi itamwonyesha kama mdaiwa. Ongeza kodi. Nchini Kenya, marejesho ya VAT ya mauzo ya Machi hupelekwa kufikia tarehe 20 Aprili. Mauzo yaliyohamishiwa Mei yataingia kwenye marejesho ya tarehe 20 Juni, na kampuni itaonekana imechelewesha kodi ambayo haikukusudia kuichelewesha.

Ndiyo maana nasema programu inayokataa ni rafiki yako. Ya kuogopa ni ile inayokisia.

Hukunitajia unatumia lugha gani, basi nitapita kwenye zile ninazoziona mara nyingi maofisini. Ukitumia PHP, jua kwamba `strtotime` inaamua kwa kutazama alama iliyo katikati: ikiona mkwaju inachukua mwezi kwanza, ikiona kistari inachukua siku kwanza. Kwa hiyo 05/03/2025 na 05-03-2025 ni siku mbili tofauti kwake. Mtu wa benki akibadilisha alama hiyo siku moja bila kukuarifu, umekwisha. Tumia `DateTime::createFromFormat` na umtajie muundo, `'!d/m/Y'`, kisha ukague makosa yake, maana hata huyo ukimpa 31/02 atasogea mbele hadi Machi na kukuachia onyo ambalo hukulisoma.

Kwenye Python, kaa mbali na `dateutil` kwa data ya biashara. Inajaribu mwezi kwanza, na isipowezekana inageuza yenyewe. Matokeo yake 12/03 inakuwa Desemba na 13/03 inakuwa Machi ndani ya faili moja, na hakuna kosa linalotokea mahali popote. Kwangu huo ndio ubaya mkubwa kuliko wote, kwa sababu hata ile kelele ya tarehe 13 iliyokuokoa wewe isingesikika. Maktaba ya pandas nayo iliwahi kuwa na tabia hiyo hiyo hadi toleo la 2.0 la mwaka 2023, na bado naona ofisi zenye matoleo ya zamani. Andika `strptime` na `"%d/%m/%Y"`, ikatae inachotakiwa kukataa.

Watu wa Java, angalieni herufi. `MM` ni mwezi, `mm` ni dakika. Na `YYYY` kwa herufi kubwa si mwaka wa kalenda, ni mwaka wa wiki: tarehe 31 Desemba 2025 iko kwenye wiki ya kwanza ya 2026, kwa hiyo itachapishwa 31/12/2026. Kosa hilo hulala mwaka mzima na kuamka siku chache za mwisho wa Desemba, wakati wahasibu wanafunga hesabu na ninyi mmeshakwenda likizo. Oracle: msiandike `TO_DATE` bila kutaja muundo, mkitegemea mpangilio wa seva, kwa sababu siku seva inahamishwa mpangilio unaweza kubadilika, na hapo ndipo ORA-01843 inapoibuka kwenye programu ambayo hakuna aliyeigusa.

SQL Server nitaikalia kidogo, maana ndiyo inayowachanganya wengi wa huku. Mtu anagundua seva imewekwa Kiingereza cha Marekani, anaibadilisha kuwa cha Uingereza, tarehe zenye mkwaju zinakaa sawa, anafurahi. Asichojua ni kwamba kwa aina ya zamani ya `datetime`, seva iliyowekwa Kiingereza cha Uingereza inaweza kuisoma '2025-03-05' kama mwaka, siku, mwezi. Yaani ule muundo aliodhani ni salama popote umempeleka tarehe 3 Mei. Tumia aina ya `date`, au andika tarehe bila alama yoyote, '20250305', ambayo haina namna ya kusomwa vingine. Na unapopokea maandishi kutoka nje, `TRY_CONVERT(date, thamani, 103)` itakurudishia utupu pale tarehe isipofaa, bila kusimamisha kazi nzima. Ile namba 103 ndiyo inayosema siku, mwezi, mwaka.

Utupu huo usiuache ukapotea. Hapa ndipo penye dawa ya tatizo lako la Ijumaa. Tengeneza jedwali la pili, la mistari iliyokataliwa. Kila mstari usioeleweka uende huko pamoja na maandishi yake halisi kama yalivyokuja, jina la faili, namba ya mstari, na sababu ya kukataliwa. Mistari mizuri iendelee na safari. Asubuhi mhasibu anafungua orodha, anakuta sita au saba, anapiga simu, anasahihisha. Bosi anapata kazi isiyosimama, na wewe unapata data isiyodanganya. Lakini hili linafaa baada tu ya kuwa umetaja muundo sahihi. Ukiliweka juu ya programu inayosoma mwezi kwanza, utakuwa umejenga jedwali zuri la kukusanya tarehe zilizo sahihi, huku zilizogeuzwa zikipita.

Na usidhani muundo ni mmoja kwa kampuni nzima. Kila mlango data inapoingilia una wake. Ujumbe wa M-Pesa kwenye simu unaandika 5/3/25. Mfumo wa M-Pesa unapozungumza na programu yako moja kwa moja unatuma 20250305142210, mwaka hadi sekunde bila nafasi. Benki inaweza kuandika 05/03/2025 au 05-Mar-2025. Andika msomaji mmoja kwa kila mlango, umwambie muundo mmoja tu anaoruhusiwa kuukubali, na akikuta mwingine akatae. Ndani ya hifadhidata tarehe ikae kama tarehe, isikae kama maandishi. Ikibidi kuiandika kwa ajili ya mashine nyingine, fuata ISO 8601, kiwango kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988: mwaka, mwezi, siku. Kwenye skrini na kwenye karatasi anayosoma binadamu, mwezi uandikwe kwa herufi. Hakuna mwenye duka atakayebishana na “5 Machi 2025”.

Mwaka wa tarakimu mbili ukatae pale unapoweza. Mfanyakazi aliyezaliwa mwaka 55, SQL Server kwa mpangilio wake wa kawaida itasema 1955, na Python kwa `%y` itasema 2055. Kwa mfumo wa kwanza mtu huyo ameshafikia umri wa mafao, na kwa wa pili hajazaliwa.

Kuna jambo ambalo hukuniuliza, lakini nimeliona kwenye barua yako: unahifadhi tarehe ya ankara kama tarehe pamoja na saa, na seva yako iko kwenye UTC. Sisi wa Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ankara yenye tarehe mosi Aprili saa 00:00 ya kwetu, kwa seva ni tarehe 31 Machi saa 21:00. Ripoti ikikata saa na kubakiza tarehe, ankara imehamia mwezi uliopita, na VAT yake nayo imehamia. Kwenye JavaScript hili hutokea kila mtu anapochukua tarehe ya kwetu, akaipitisha kwenye `toISOString`, akakata herufi kumi za mwanzo. Tarehe ya ankara, ya kuzaliwa, ya mwisho wa kulipa: hizi ni siku za kalenda, hazina saa. Zihifadhi kama siku tu.

Na hapo hapo, chunguza daftari la kupeleka mizigo. Dereva anaandika “saa 2” akimaanisha asubuhi, karani anaingiza 02:00 badala ya 08:00. Ukitoa zile saa tatu, inakuwa saa 23:00 ya jana yake. Mzigo uliofika Jumanne umeandikwa Jumatatu, na hakuna hata mmoja kati ya dereva, karani na seva anayeona alipokosea. Waandikie “asubuhi” na “usiku” kwenye fomu ili wachague.

Sasa kusafisha yaliyokwisha kuingia. Tafadhali usikimbilie amri moja ya kugeuza siku na mwezi kwa kila tarehe iliyo chini ya 13. Ankara zilizoingizwa kwa mkono na karani ziko sahihi, na amri hiyo itaziharibu. Chukua kwanza nakala ya jedwali lote. Kisha tafuta dalili. Ya kwanza: tarehe ya muamala iliyo mbele ya siku mstari wenyewe ulipoingizwa. Malipo yaliyopokelewa mwezi wa Machi hayawezi kuwa ya Septemba. Ya pili, na hii naipenda zaidi, ni namba za ankara. Namba zinapanda mfululizo, tarehe nazo zinatakiwa zipande pamoja nazo. Panga kwa namba, tazama safu ya tarehe kutoka juu kwenda chini: ukiona inaruka kutoka 3 Februari hadi 3 Machi, 3 Aprili, 3 Mei, wakati ankara zinafuatana siku kwa siku, umeshaipata. Faili la Machi lililogeuzwa hutambulika kwa hilo: tarehe zake zote zimekuwa tarehe 3 za miezi tofauti.

Dawa iliyo bora ni kurudi kwenye mafaili halisi kutoka benki na mfumo wa mauzo na kuyasoma upya. Nasisitiza halisi. Faili likiwa limepita kwa mhasibu na akalifungua kwa kubofya mara mbili, Excel imeshaamua tarehe kwa mpangilio wa kompyuta yake, na kompyuta nyingi za maofisini zimeachwa kwenye Kiingereza cha Marekani tangu zilipotoka dukani. Akihifadhi, sehemu ya safu imegeuzwa na sehemu imebaki maandishi. Utaiona kwa macho: zilizokuwa tarehe zimelala kulia mwa seli, zilizobaki maandishi zimelala kushoto. Kama faili halisi halipatikani tena, na una hakika faili liliharibika kwa namna hii hii, fomula ni moja:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Zilizo namba inazigeuza zirudi mahali pake, zilizo maandishi inazisoma siku kwanza. Ifanye kwenye safu mpya, ya zamani iache, na ukimaliza mtu wa hesabu apitie na atie sahihi. Usiiendeshe mara mbili juu ya matokeo yake yenyewe. Na mhasibu umfundishe kwa upole kuingiza faili kupitia menyu ya data na kuchagua siku, mwezi, mwaka kwa safu hiyo. Usimfokee. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Kuhusu bosi, mdogo wangu, najua hapo ndipo panapokukosesha usingizi. Nenda kwake kabla ya Ijumaa, usisubiri akuite. Usianze na muundo wa tarehe wala UTC. Anza na orodha: ankara hizi zina tarehe isiyo yake, jumla yake ni shilingi kadhaa, wateja hawa walidaiwa wakati walishalipa, mauzo haya yameangukia mwezi usio wake wa VAT. Kisha mwambie utafanya nini siku gani. Kama kuna marejesho yaliyokwisha kupelekwa, mhasibu anaweza kupeleka ya marekebisho, na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Akikuuliza kwa nini usizibe tu, mwonyeshe mteja mmoja kwa jina lake na taarifa yake ya Machi. Mfanyabiashara anaielewa hiyo haraka kuliko maelezo yangu yote haya. Na wale waliopelekewa madai ya uongo, omba wapigiwe simu na mtu wa mauzo. Ujumbe wa simu ya mkononi hautoshi.

Ukijaribu programu mpya, usijaribu kwa 01/01 wala 25/12. Ya kwanza haigeuki, ya pili inapiga kelele, na zote mbili zitakufariji bure. Jaribu 05/03/2025 na uitazame kama inasema Machi. Jaribu 29/02/2024, ambayo ipo, na 29/02/2025, ambayo haipo. Jaribu 31/04, seli tupu, 5/3/25, na tarehe yenye nafasi mbele yake.

Nimebakiwa na nafasi ndogo kwa mdogo wangu mwingine wa Morogoro, anayesema safu yake ya tarehe imejaa namba kama 45721 na anadhani faili limeoza. Halijaoza. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa 1900, na 45721 ni tarehe 5 Machi 2025. Ukigeuza mwenyewe kwa programu, anza kuhesabu kutoka tarehe 30 Desemba 1899, kwa sababu Excel inahesabu tarehe 29 Februari 1900 ambayo haikuwahi kuwapo. Ilirithi kosa hilo kutoka Lotus 1-2-3 ili mafaili ya wakati huo yasomeke. Na ikiwa faili limetoka kwenye Mac ya zamani na tarehe zako zinatofautiana na za karatasi kwa miaka minne na siku moja, hesabu yake inaanzia 1904. Ongeza siku 1,462, kisha linganisha tarehe chache na karatasi zake kabla hujaingiza zote.